Mkwaruzo Chini ya Tembo

Uligeuza ukurasa. Usikatae. Wiki iliyopita Lukeba alipoingia karakana ya Asmani pale Rumonge, mchana kweupe, akavuta kamba ya gunia na sikio la tembo likachungulia, wewe uliona kinachokuja, ukalamba kidole, ukaenda kusoma matokeo ya mpira. Nakufahamu. Hata mwaka wa sabini na mbili ulifanya vivyo hivyo. Lori lilipopita ulikuwa umeinama unafunga kamba ya kiatu. Barabara yote ya ziwani ilijaa watu wanaofunga kamba za viatu mwaka ule, na wengi wao walikuwa peku.

Haya, rudi ukae. Leo hatuinami.

Lukeba alimtoa tembo wa kwanza, akamsimamisha juu ya meza ya kazi, katikati ya makoleo na majivu. Akamtoa na wa pili. Si wakubwa, kila mmoja kama birika la chai. Wameinamisha vichwa, wanasukuma kwa paji la uso, na mbele yao hakuna kitu cha kusukuma.

Wazungu huweka sanamu kama hizi mwanzo na mwisho wa safu ya vitabu ili vitabu visianguke. Tembo mmoja huku, mwenzake kule, na vitabu vinasimama wima katikati. Tuviite vishika-vitabu, yatosha. Rumonge nzima ilikuwa na jozi moja tu, na Asmani alijua hivyo kwa sababu nusu ya jozi ile aliitengeneza kwa mikono yake.

Lukeba akavuta kiti bila kukaribishwa. Kilikuwa kiti kizuri cha mbao, chenye mikono, si kiti cha karakana. Kiliingia pale mwezi wa sita. Zuwena, mke wa Asmani, alisema kuna jirani kamwachia akitunze. Asmani hakuuliza jirani gani.

"Fundi," akasema Lukeba, "huyu mumoja iko na kidonda."

Akamlaza tembo wa pili ubavu. Chini ya nyayo palikuwa na kitambaa cha kijani, kimebanduka upande mmoja, na pale kilipobanduka palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Tembo mwenyewe ni kahawia, rangi ya kahawa isiyo na maziwa. Lakini ndani ya mkwaruzo palikuwa peupe, weupe wa kijivu, kama mfupa.

Asmani alitazama pembeni. Tupa iliyoukwaruza mkwaruzo ule ilikuwa inaning'inia ukutani, hatua mbili kutoka kichwani pa Lukeba.

Lukeba alieleza shida yake kwa furaha, kama mtu aliyepata mchumba. Kule Bujumbura alikuwa amempata Muzungu mmoja anayekusanya vishika-vitabu. Ana ukuta mzima wa vishika-vitabu, simba, farasi, wanawake uchi, na hana kitabu hata kimoja. Muzungu huyo alitaka jozi, na alitaka bronzi tupu, ile shaba iliyochanganywa na bati. Mmoja wa tembo wale alikuwa bronzi kweli. Huyu mwingine, kwa kidonda chake, angeharibu biashara. Kwa hiyo Fundi amfunike. Amtie shaba tena pale penye mkwaruzo, ampitishe kwenye moshi rangi zifanane, agandishe kitambaa, basi.

"Na akimpima?" Asmani aliuliza. Aliuliza ili tu mdomo wake ufanye kitu.

"Atapima na nini? Iko na kasumaku kadogo kwenye funguo za motokari. Ataweka, haitashika, atafurahi."

Hapo Asmani angenyamaza. Lakini ulimi wake ulikuwa hivyo: ukimgusa kwenye ufundi, maneno hutoka yenyewe kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Akasema sumaku ni ya watoto. Sumaku hushika chuma tu. Itakukamatia tembo wa chuma cha kusubu aliyepakwa rangi ya bronzi, na mwisho wake ni hapo. Bronzi haishiki, shaba haishiki, zinki haishiki. Mnunuzi mjanja hupima uzito mikononi, mmoja mmoja, kisha hugonga kwa ukucha.

Akagonga. Tembo wa kwanza akalia, sauti ndefu, ikazunguka karakana. Akagonga wa pili. Ndu. Kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Wengine hufunika shaba nyembamba juu ya plasta," akaendelea, mjinga, "huyo ukimgonga utadhani yai. Na kama bado una shaka, unageuza chini, unakwaruza. Bronzi ndani na nje ni rangi moja. Aliyefunikwa ana ngozi na ana nyama."

Lukeba alimtazama akitabasamu. "Weye hubadiliki, Fundi. Mutu akikuuliza saa, unamufundisha kutengeneza saa."

Lukeba alikuwa anamkumbusha jambo.

Turudi nyuma kidogo, tena haraka, maana najua hupendi kurudi nyuma.

Mwezi wa saba, mwaka wa sitini na mbili. Bendera mpya imepanda, watu wanacheza ngoma barabarani mpaka viatu vinakwisha soli. Mzungu wa mashini ya mawese anafunga masanduku yake kurudi kwao. Wakati wa kupakia, sanduku moja likapasuka na tembo mmoja akaenda chini ziwani. Aliyebaki hakuwa na thamani tena kwa Mzungu. Akampa Mwalimu Barandereka, aliyekuwa anafundisha kijijini Kizuka, pamoja na nusu sanduku la vitabu.

Mwalimu akaja kwa Asmani kwa baiskeli, tembo amefungwa nyuma kwa mpira kama mbuzi wa kwenda sokoni. Akasema: "Fundi, huyu iko peke yake. Vitabu vinaanguka upande mumoja. Nitengenezee ndugu yake."

Asmani hakuwa na bronzi, na Rumonge haikuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kiburi na mawe ya tochi yaliyokufa, zile betri ndogo. Alizunguka wiki mbili akiyaokota, akayabandua vile vikombe vya zinki, akayeyusha. Akachanganya mchanga wa ziwani na udongo, akamkandamiza tembo wa Mzungu humo, akapata kalibu. Tembo wa kwanza alitoka mguu mfupi. Wa pili alitoka hana mkonga. Wa tatu alitoka mzima, lakini mweupe kama mbuzi wa sadaka.

Sasa shaba. Alipata dawa ya bluu ya kupulizia mimea, akaikoroga majini, akatumbukiza waya mzee wa shaba upande mmoja na tembo upande mwingine, akaunganisha na betri ya lori. Shaba ikaja, ikakaa juu ya zinki kama masizi. Ukipitisha kidole, imetoka. Siku nne hakula vizuri. Siku ya tano akampaka tembo vanishi mwili mzima, akasaga vile vijiti vyeusi vilivyomo ndani ya mawe ya tochi, akamsugua unga wake ili umeme upate njia ya kutembea. Akamrudisha majini. Shaba ikapanda taratibu kutwa nzima, ya rangi ya waridi, kama kiganja cha mtoto mchanga. Moshi na siki vikamaliza kazi.

Mwalimu aliwaweka wawili sambamba, akashindwa kuwatofautisha. Akamwita mkewe, Pascasie. Naye akashindwa. Wakacheka watatu. Kitambaa cha chini hakikuwapo, na Pascasie alikuwa na kipande cha kijani kilichobaki kwenye gauni lake la siku ya uhuru, akakata vipande viwili palepale.

Kwa miaka kumi Asmani alisimulia habari ya tembo yule. Arusini, matangani, kwa kinyozi. Hakuna aliyemuuliza, alianza mwenyewe.

Kisha ule mwaka mwingine, wa sabini na mbili. Mwisho wa mwezi wa nne wenye mapanga waliua majirani zao katika mwambao huu. Mimi silisahau hilo, kwa hiyo usinifundishe. Baada yao wakaja wenye sare za serikali na orodha, nao hawakuishia kwa wenye mapanga. Walitafuta kabila la wale, na ndani ya kabila wakatafuta mtu anayejua kusoma. Mwalimu Barandereka hakuwa ameshika hata kisu cha kumenyea mihogo.

Alichofanya ni kuchana kurasa za mwanzo za vitabu vyake, zile zenye jina, akazichoma. Vitabu akavikunja ndani ya mkeka pamoja na tembo wake wawili, akavificha msitu wa Kigwena. Yeye mwenyewe akavaa nguo za mchukuzi wa mawese, akajichanganya na wachukuzi. Ilikuwa inafanya kazi. Siku kumi na mbili ilifanya kazi.

Siku ya kumi na tatu wenye sare wakauona mkeka. Vitabu vya Kifaransa, havina jina. Wakavipekua, hawakupata kitu. Lukeba, aliyekuwa akiwabebea mizigo na kuwaonyesha njia, akachukua tembo wote wawili kwa tamaa yake mwenyewe, mmoja akampeleka kwa Asmani. Gari likangoja nje, linanguruma.

Swali lake lilikuwa moja. "Fundi, hii iko dhahabu?"

Sikiliza vizuri. Hilo tu. Asmani angesema hapana, akarudi kwenye mivukuto yake. Neno moja. Badala yake akacheka, akashika tupa, akabandua kitambaa, akakwaruza.

"Dhahabu wapi. Hii iko zinki, shaba juu. Nilitengeneza mimi. Burundi nzima hakuna mwingine anaweza. Nilimutengenezea Mwalimu Barandereka wa Kizuka, muulize mwenyewe."

Wakaenda kumuuliza. Lukeba aliijua sura yake, hata ndani ya nguo za mchukuzi.

Hakuulizwa jina. Tangu siku ile Asmani alikuwa analala na maneno hayo mawili na kuamka nayo. Hakuulizwa. Angepigwa, angesema alipigwa. Angetishwa, angesema alitishwa. Alijisifu tu, na mtu akapakiwa kwenye lori mikono nyuma. Na wanaojua hilo duniani ni wawili: yeye, na huyu aliyekaa kwenye kiti anatingisha mguu.

"Kesho asubuhi niko na nafasi ya gari," Lukeba akasema. "Anza sasa."

Asmani alimshika tembo wa zinki. Alikuwa na dawa ya bluu, alikuwa na betri. Kidonda kile kingefunikwa kabla ya alfajiri ya kesho, na hakuna mtu angejua tena kwamba kiliwahi kuwapo. Nitakuambia kitu cha aibu. Alifurahi. Kwa muda wa kupumua mara mbili alifurahi, kwamba ushahidi umekuja kwa miguu yake wenyewe kutaka kufutwa.

Akabandua kitambaa chote, akakidondosha chini. Akaanza kuosha mkwaruzo.

"Amahoro, Fundi."

Pascasie alikuwa mlangoni, na birika mkononi.

Lukeba alikuwa mwepesi. Gunia lilishawafunika tembo kabla hata Asmani hajageuka. Mwanamke akaingia, akamsalimia Lukeba kwa heshima, akaeleza kwamba birika limeanza kuvuja tena. Alikuwa amelijaza maji ili Fundi aone. Tone likaanguka, kisha tone.

Alikuwa mteja wa siku nyingi sasa. Tangu mwezi wa saba, kila wiki, kitu: taa, jembe, mfuniko wa sufuria. Asmani hakupokea malipo kutoka kwake hata siku moja, na usiku alikuwa akijihesabia hilo kama wema.

"Weka hapo, Mama Nestori," akasema. "Nitalitazama kesho."

Pascasie hakuweka. Alikuwa anaangalia chini, karibu na mguu wa meza. Akainama. Alipoinuka alikuwa na kipande cha kitambaa cha kijani kati ya vidole.

"Hii iko yangu," akasema.

Lukeba akacheka kidogo, akasema kitambaa cha kijani kiko tele kila duka la barabara hii. Mwanamke akamwonyesha pembe moja. "Hapa nilikata mubaya. Mukasi ulikuwa hauna meno. Nikamalizia na wembe. Angalia."

Kisha, taratibu, kama mtu anayefunua chakula, akaondoa gunia.

Hakupiga kelele. Aliwatazama wale tembo wawili, akaweka mkono juu ya mgongo wa mmoja, akauacha hapo.

Lukeba alikuwa na maelezo tayari. Alivinunua Magara, kwa wanawake wa samaki, nao walivitoa wapi Mungu anajua. Vitu vya Wazungu viko vingi, Ubelgiji wanatengeneza kwa maelfu, na kitambaa cha chini wote wanaweka kijani. "Mimi sijui kusoma chuma, Mama. Lakini huyu fundi anajua, tena hakuna kama yeye. Mwambie, Fundi. Hii iko bronzi ya Ubelgiji, wote wawili. Si ndiyo?"

Asmani aliangalia kitambaa mkononi mwa Pascasie.

"Si ndiyo, Fundi?" Lukeba akasogeza kiti mbele, akashusha sauti. "Ama nimwambie mimi ile habari ingine?"

Uani, nyuma ya ukuta wa mabati, Zuwena akakohoa. Asmani alikuwa amekaa na mwanamke yule miaka ishirini. Alijua kikohozi cha mafua na alijua kikohozi cha nyamaza.

Tone la birika likaanguka.

Asmani akanyoosha mkono ukutani, akashusha tupa. Lukeba akarudi nyuma, akidhani atapigwa. Lakini Asmani alimgeuza tembo wa pili miguu juu, akaweka tupa palepale penye mkwaruzo wa zamani, akavuta. Mara moja, mara mbili. Unga mweupe ukamwagika mezani.

"Si bronzi," akasema. "Haikutoka Ubelgiji. Iko zinki ya mawe ya tochi. Nilisubu mimi, mwaka wa uhuru, na weye ulikata kitambaa. Iko ya Mwalimu."

"Umesikia?" Lukeba alimwambia Pascasie, na sasa tabasamu lilikuwa limekauka. "Iko ya Mwalimu. Sasa muulize alimwambia nani hivyo mara ya kwanza. Muulize mwezi wa tano nilipomuletea huyuhuyu, gari likiwa hapo nje, alisema nini. Vitabu havikuwa na jina, Mama. Jina lilitoka humu."

Alitegemea kumwangusha. Lakini mtu aliyebeba jiwe miezi minne, ukimpokonya kwa nguvu, jambo la kwanza analohisi ni kwamba mikono yake ni myepesi.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye nilimutaja."

Pascasie hakumtazama. Alimtazama tembo.

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Walisema watakuua?"

"Hapana."

"Walikuuliza jina?"

"Hapana. Waliuliza kama iko dhahabu."

Zuwena alikuwa ameingia, mikono imejaa unga. Akasema, kwa sauti ndogo sana, "Baba Swedi, umetumaliza." Asmani akamjibu kwamba wao walimalizika zamani, ni leo tu wamepata habari.

Lukeba akasimama. Akamchukua tembo wa bronzi, yule wa kweli, yule aliyelia, akamtia kwapani. Wa zinki hakumgusa. Mlangoni akageuka na kusema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa ya safari, kwamba wale wenye gari bado wapo, wanakunywa pale karibu na bandari, na kwamba watu wanaofufua maneno ya mwezi wa tano wana nafasi kwenye gari lile. Akaondoka akielekea ziwani. Hakukimbia. Hakuwa na sababu ya kukimbia.

Sasa kiti kilikuwa tupu.

Pascasie akaweka birika chini. Akakishika kile kiti kwa mikono yake miwili, akakipindua. Chini ya mbao, kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko mzuri wa ubao, paliandikwa: *M. Barandereka, Kizuka.*

Zuwena akafunika mdomo kwa mikono yake ya unga.

"Nakuja hapa tangu mwezi wa saba," Pascasie akasema. "Taa. Jembe. Mufuniko. Unafikiri nyumbani kwangu kila kitu kinavunjika? Birika hili nililitoboa mwenyewe na musumari. Nilikuwa nakuja kuangalia kiti. Nilikiona siku ya kwanza. Nikasema ngoja, Fundi iko mutu wa kusema, siku moja atasema."

Asmani alikaa chini, sakafuni, kwenye majivu.

Jaribu kuelewa kilichomwuma. Ilimwuma kwamba wiki baada ya wiki alikuwa akimzibia mwanamke yule matundu bure na kuambiwa murakoze, murakoze, asante, huku akijiona mtu mwema, na mwanamke yule alikuwa anajua. Alimpa miezi miwili na zaidi ya nafasi, kila wiki nafasi mpya, akaja na msumari wake na subira yake. Naye kila wiki akaziba.

"Nifanye nini?" aliuliza. "Niambie. Chochote."

"Jina ulilitaja bila kuulizwa," Pascasie akasema. "Sasa nakuuliza mimi. Litaje."

Akalitaja, chinichini, akiwa bado sakafuni.

"Si kwangu. Mimi nalijua. Huko nje."

Nje ilikuwa saa ya soko. Asmani akainuka, magoti yana majivu. Zuwena akamshika shati, akamwachia, akamshika tena, akamwachia. Asmani akakibeba kiti, akatoka nacho mpaka katikati ya barabara, akakisimamisha. Pascasie akatoka nyuma yake na tembo wa zinki, akamlaza juu ya kiti, kidonda kikiangalia watu.

Soko lilijua. Soko huwa linajua. Wanawake wauza samaki wadogo wa ndagala wakaanza kupanga upya mafungu ambayo yalikuwa yamepangwa. Kinyozi akakumbuka wembe wake. Mwenye duka la vitambaa akaingia ndani kutafuta kitu. Na upande wa pili, mbele ya duka la chumvi, mtu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, wakainama kufunga kamba za viatu.

Kutoka bandarini motokari ikawashwa. Ilikataa, ikawashwa tena, ikashika.

Asmani akafungua mdomo. Mwanamke wa ndagala aliyekuwa karibu akainua macho, akayashusha. Gari lilisikika likipanda kutoka ziwani. Sauti ikatoka, kubwa kuliko alivyotaka, sauti ileile iliyokuwa ikijisifu arusini.

"Mwalimu Barandereka. Kizuka. Nilimutaja mimi, Asmani, fundi, hapa, mwezi wa tano. Kiti hiki ni chake. Nani mwingine iko na kitu chake?"

Kamba za viatu zikaendelea kufungwa. Gari limefika kona ya msikiti. Kati ya kona ile na kiti hiki kuna nyumba kumi na moja, na dereva hana haraka.

Na wewe?

Wewe unayesoma umekalia nini? Usiniangalie mimi, sina kiti. Nauliza ulichokalia. Ile cherehani iliyoingia nyumbani mwaka ule, alikuachia nani? Ile redio? Lile godoro, ile baiskeli ya baba yako ambayo hakuwahi kusema aliinunua wapi? Simama. Kigeuze chini juu. Angalia kama kuna jina, na kama hakuna, angalia kama kuna mahali paliposuguliwa na kupakwa rangi upya. Chukua kisu, kwaruza. Kama aliyebaki wa nyumba ile yupo, mpelekee leo hii, mchana, ukipita katikati ya barabara ambapo kila mtu anakuona. Kama hakubaki mtu, toka mlangoni pako ulitaje jina kwa sauti, na useme kitu hicho kilikufikiaje.

Umekwishainama tena. Acha kamba. Inuka, kigeuze kiti, sasa hivi, kabla hujageuza ukurasa.